Kuendesha Mafunzo kwa Vitofali vya Kujengea: Mwongozo kwa Mwezeshaji Anayeanza

Kila ninapomaliza warsha hapa Dodoma, wawezeshaji wenzangu hunifuata na maswali yaleyale: vitofali vingapi vinatosha, wazee wakikataa utafanyaje, bosi akae wapi, na je, kazi hii inawezekana kijijini pasipo meza wala umeme. Nimeyaweka majibu hapa kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ili anayetaka kuendesha kikao chake cha kwanza wiki ijayo aweze kufanya hivyo. Mwongozo unahusu kikao cha watu wanane hadi kumi na wawili kwa muda wa saa mbili, na karibu na mwisho nimeeleza namna ya kuutumia ukiwa na mtu mmoja unayemnasihi.

Vitofali ninavyovizungumzia ni vile vya plastiki vya kuchezea vinavyobanana, ambavyo wengi wanavifahamu kwa jina la LEGO, kampuni ya Denmark iliyoomba hataza ya kitofali chake mwaka 1958. Katika miaka ya 1990 wahadhiri wawili wa chuo cha uongozi cha Lausanne, Uswisi, Johan Roos na Bart Victor, wakishirikiana na Kjeld Kirk Kristiansen wa familia inayoimiliki kampuni hiyo, walianza kutafuta namna ya kuvitumia kuwasaidia viongozi kufikiri juu ya mikakati. Mbinu iliyozaliwa humo inaitwa LEGO Serious Play, na tangu mwaka 2010 kampuni imeruhusu misingi yake itumiwe na yeyote. Jina lenyewe limebaki alama ya biashara, kwa hiyo usiliandike kwenye tangazo lako kana kwamba ni lako. Nadharia unayoihitaji ni fupi: mtu anapojenga kitu kwa mikono kisha akakieleza, husema mambo ambayo asingeyasema kama angeulizwa tu kwa mdomo, na wenzake hukitazama kitu kile badala ya kumkazia macho yeye. Kwa karani aliyeketi meza moja na mkurugenzi wake, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vitofali 50 kwa kila mshiriki, yaani 500 kwa watu kumi. Idadi peke yake haitoshi, kwa kuwa vitofali vya mstatili vitupu huzaa kuta na minara tu. Tafuta pia magurudumu, vibao bapa, milango, ngazi, bendera, wanyama, vipande vya kamba, na walau vijitu viwili kwa kila mshiriki, maana karibu kila simulizi ya kazini ina mtu ndani yake.
- Ukinunua vya kuiga au vya mitumba, vijaribu kabla hujalipa. Banisha kumi kwa pamoja kisha uvinyanyue kwa kushika kile cha juu. Kitofali kinachoachia katikati ya simulizi humkatisha msemaji, na mshiriki mwenye aibu hatajenga tena.
- Vitofali vikubwa vya Duplo, ukiwa na washiriki wa umri mkubwa. Kila kimoja ni mara mbili ya kile cha kawaida kwa urefu, upana na kimo, na aina hizo mbili hushikana. Vidole vilivyokomazwa na jembe hupata tabu kutenganisha vipande vidogo, na hakuna sababu ya kumhangaisha mtu mzima mbele ya wenzake.
- Vifuko vya kitambaa, kimoja kwa kila mshiriki, vyote vikiwa na vipande vilevile. Fundi cherehani atakushonea kwa mabaki ya vitenge.
- Bango kitita, kalamu za wino mzito, saa, na simu yenye kamera.
- Meza pana, au mkeka uliotandikwa shuka la rangi moja ili vipande vionekane. Ukiwa nje wakati wa kiangazi, jikinge na upepo kwa kukaa upande wa pili wa jengo, kwa sababu vumbi la huku likijaa ndani ya vitofali havibanani vizuri tena.

Onyo ambalo sitalirudia: vipande hivi humkaba mtoto mdogo. Katika vikundi vya akina mama, watoto wachanga huja na mama zao na hutambaa kwenye mkeka uleule. Kukiwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu, tumia Duplo pekee, au mwombe mama mmoja akae na watoto pembeni na umpe nafasi yake ya kujenga baadaye.

Hatua za kuendesha kikao

1. Tafuta swali moja, na ulijenge wewe kwanza. Kikao hufaulu au huharibika hapa, kwa hiyo lipe jambo hili muda mrefu kuliko unavyodhani. Keti na aliyekualika walau siku tatu kabla, umwulize ni jambo gani watu wake wanakwepa kulizungumza. Usiridhike na majibu ya aina ya "kuboresha utendaji" au "kujenga uwezo", kwa maana maneno hayo hayajengeki; mtu aliyeulizwa "Tufanye nini kuboresha utendaji?" atajenga ofisi nzuri yenye bendera kisha akusomee mpango kazi. Swali zuri humhusu yule aliyeketi pale, humrudisha kwenye tukio au hali anayoijua, na halina jibu moja sahihi. Kwa maofisa ugani wa Bahi au Kongwa unaweza kusema: "Jenga siku moja uliyotoka kwa mkulima ukiwa umeridhika." Kwa kamati ya shule: "Jenga kile kinachosimama kati ya mzazi na mwalimu." Kwa kikundi cha kuweka na kukopa: "Jenga unavyojiona ndani ya kikundi siku ya marejesho." Ukishaliandika, kaa peke yako na kifuko kimoja, ujipe dakika 5, ulijenge. Ukikwama, au ukijikuta umejenga kitu ambacho usingethubutu kukieleza mbele ya mkuu wako, badili swali kabla hujawapelekea wengine.

2. Panga mahali. Zungusha viti kwenye meza moja, na kiti cha mkuu kiwe sawa na cha mtu mwingine yeyote, tena mbali na mlango ili simu isimvute nje. Mpe kila mmoja kifuko chake. Usimwage vitofali vyote katikati, kwa sababu rundo la pamoja huwapendelea wenye haraka, na vijitu vyote huishia upande mmoja wa meza.

3. Eleza kanuni kwa dakika 2. Kila mtu anajenga na kila mtu anasimulia, akiwemo mkuu. Maana ya kitu hutolewa na aliyekijenga, na hakuna wa kuikosoa. Tunauliza kuhusu kitu, hatumhoji mtu. Kinachosemwa hapa hakitoki nje bila idhini ya aliyekisema. Ziandike kwenye bango kitita na uziache ukutani.

4. Pasha mikono moto kwa mazoezi matatu. Zoezi la kwanza ni mnara mrefu kadiri inavyowezekana, kwa dakika 3; lengo ni vidole vizoee tu, kwa hiyo usitoe zawadi kwa mshindi. Zoezi la pili, kila mmoja achukue vitofali sita vinavyofanana na wengine na ajenge kuku kwa dakika 1. Wengi duniani hutumia bata, lakini mimi huomba kuku kwa kuwa kila mtu amemwona leo asubuhi. Wapange kuku wote mstari mmoja na watu watajionea wenyewe kuwa hawafanani. Unaweza kuwaambia kwamba vitofali sita tu vya ukubwa mmoja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, huunganika kwa njia 915,103,765. Taarifa hiyo huwatuliza wale wanaochungulia kazi ya jirani wakitafuta jibu.

   Zoezi la tatu ndilo daraja la kuvukia, nalo wanaoanza hulifuta ili kuokoa muda. Waombe washiriki wamchukue kuku yuleyule, bila kumbadili chochote, wamweleze kana kwamba yeye ni Jumatatu asubuhi kazini. Baadhi watakutazama kwa mshangao. Hapo wakumbushe vitendawili: kila aliyekulia kwetu amewahi kutegewa "Nyumba yangu haina mlango" na akajibu "yai", wala hakufundishwa kwanza sitiari ni nini. Ikiwa yai ni nyumba, basi kitofali chekundu kinaweza kuwa deni, na gurudumu lililogeuzwa juu chini linaweza kuwa mkutano usiofikia uamuzi. Niliwahi kuliruka zoezi hili kwa kuwa tulichelewa kuanza, na washiriki wakajenga nyumba halisi, magari halisi na ng'ombe halisi. Tulipomaliza hatukuwa na la kujadili.

5. Toa swali kuu na uwaache wajenge. Lisome mara mbili, litundike, kisha toa dakika 6 hadi 8. Kaa kimya. Mwezeshaji mgeni huona ukimya ni mzigo, akaanza kutoa mifano, na mifano yake ndiyo itakayojengwa na watu wote. Ukimwona mtu anavitazama tu vitofali, msogelee na umwambie kwa sauti ya chini aanze kubanisha vipande viwili vyovyote na atafakari baadaye. Mikono ikianza, mawazo hufuata nyuma yake, na mara nyingi mtu hugundua alichokuwa akikijenga kikiwa kimekaribia kwisha. Zikibaki dakika 2, tangaza.

6. Simamieni simulizi, mmoja baada ya mwingine. Kila mtu apate dakika 2. Anza na yeyote isipokuwa mkuu. Yeye awe wa mwisho, tena umjulishe kabla ya kikao ili asijione amedharauliwa. Akisema kwanza, wote watakaofuata watakuwa wanamjibu yeye. Kazi yako hapa ni kuuliza kwa kugusa vipande: "Hiki cheusi kilichofichwa huku chini kina maana gani?" "Kwa nini huyu ametazama kando?" "Ngazi hii inaishia wapi?" Usiulize "kwa nini uko hivyo", na usimruhusu mtu yeyote kuanza sentensi kwa "Mimi ninavyoona hapo...".

   Kosa hilo la mwisho nalieleza kwa urefu kwa sababu nimeona madhara yake. Katika ofisi moja hapa jijini, dada mmoja wa masjala alijenga mnara wa vitofali vya njano, mrefu kuliko vyote mezani, na nyuma yake, chini kabisa, akaweka kijitu kimoja. Kabla hajafungua mdomo, mkuu wake akacheka na kusema, "Huo mnara ni mimi, si ndiyo?" Watu wakacheka. Dada akasema, "Ndiyo bosi," akaketi. Nami nilichelewa kuzuia. Wakati wa chai alinieleza kwamba mnara ule ni majalada yaliyoletwa kutoka Dar es Salaam ofisi ilipohamia Dodoma, ambayo hayajawahi kupangwa, na kwamba kila jalada linapokosekana huulizwa yeye. Hiyo ndiyo habari ambayo ofisi ilinilipa niitafute, nayo ilikuwa imefukiwa kwa sentensi moja ya utani. Tangu siku hiyo, mtu akianza kutafsiri kazi ya mwenzake, nanyosha mkono wangu juu ya meza na kusema, "Tumsikilize mwenye nacho kwanza," na nasema hivyo hata kwa mkurugenzi.

   Linganisha na kikundi cha akina mama wilayani Chamwino, ambako mwanachama mmoja alijenga sanduku dogo na kulizungushia vijitu vitatu vilivyopeana migongo. Mwenyekiti, mama wa makamo aliyekuwa ameshika kanuni barabara, aliinama akauliza, "Mwenzetu, hawa watatu mbona hawatazamani?" Akajibiwa kwamba ni washika funguo: sanduku la kikundi lina kufuli tatu na wenye funguo tatu, na watatu hao hawajazungumza tangu msiba fulani, ndiyo maana siku za kukutana sanduku huchelewa kufunguliwa. Kila mwanachama alilijua jambo hilo. Lilikuwa halijawahi kutamkwa kikaoni.

7. Unganisheni. Waombe kila mmoja achague kipande kimoja cha kazi yake ambacho hawezi kukiacha, akilete katikati, kisha kwa pamoja wapange vipande hivyo: kipi kiwe karibu na kipi, kipi kinashikilia kingine, kipi kinazuia njia. Tumia kamba kuonyesha uhusiano. Hatua hii huchukua dakika 25 hadi 30, na kama muda umebaki chini ya hapo, iache kabisa na uende hatua ya nane. Mtu asilazimishwe kuweka kipande chake chini ya cha mkuu.

8. Andikeni mlichokubaliana. Bado mkitazama kilichojengwa, uliza ni kitofali kipi kikihamishwa kesho hali itabadilika, nani atakihamisha, na lini. Andika mambo matatu, si zaidi, kwa maneno yao wenyewe. Kisha omba ruhusa ya kupiga picha, na piga vitu bila nyuso. Kila mtu abomoe chake mwenyewe. Usibomoe kazi ya mtu kwa mkono wako, hata kama ukumbi unahitajika.

Ukiwa na mtu mmoja

Kwa unasihi wa mtu mmoja, vitofali 60 na saa moja vinatosha. Keti pembeni yake badala ya kumkabili, ili nyote wawili mtazame kitu kimoja. Mwombe ajenge mambo yalivyo sasa, ayaeleze, kisha ajenge pembeni yake anavyotaka yawe. Halafu acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya hivyo viwili na umwombe aweke humo kitu kimoja tu atakachofanya ndani ya wiki mbili. Nafasi hiyo ndiyo mazungumzo yenyewe. Kijana aliyemaliza chuo na kurudi kwao Mpwapwa alikaa nayo dakika kumi, akaweka mlango, akauondoa, akauweka tena ukiwa umefungwa. Sikusema neno, na mwishowe akasema kwamba hajawahi kumwambia baba yake kuwa kazi ya kuajiriwa ameacha kuitafuta. Usijenge kwa niaba ya unayemnasihi, na usivigonge vitofali vyake kwa kalamu unapouliza.

Mambo yakienda mrama

*Wazee wanasema huu ni mchezo wa watoto.* Usibishane nao. Waambie ni kweli vilitengenezewa watoto, na kwamba leo vitatumika kama mzee anavyochora ardhini kwa fimbo anapoeleza mpaka wa shamba. Anza na Duplo. Mzee akiendelea kukataa, mwombe awe msikilizaji wa kwanza wa kila simulizi. Wengi niliokutana nao waliomba kifuko kabla ya nusu ya kikao.

*Mshiriki amelia.* Simamisha saa, usimtake aendelee, wala usimshukuru kwa machozi yake. Muulize kama angependa kitu chake kibaki mezani au kifunikwe, na ufuate atakavyosema. Wewe si daktari. Kama jambo ni zito, ongea naye faragha baadaye na umwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii au kituo cha afya.

*Mmoja anatawala mazungumzo.* Weka kijitu kimoja katikati: anayekishika ndiye anayesema, na akimaliza humpa aliye kushoto kwake.

*Wamekuja watu arobaini badala ya kumi.* Jambo hili hutokea sana pale inaposikika kuwa kuna posho. Wagawe meza nne, kila meza ichague msimamizi, umfundishe kanuni kwa dakika 10 wakati wengine wanajenga mnara, na uache kabisa hatua ya kuunganisha. Usijaribu kusikiliza simulizi arobaini mfululizo.

*Kuna mshiriki asiyeona.* Ajenge kama wengine. Vinundu vya vitofali hushikika vizuri, na unachotakiwa kubadili ni kutotumia rangi katika maelekezo yako na kuomba kila msimuliaji ampitishie kitu chake akipapase.

*Bajeti haitoshi kununua vitofali.* Tumia visoda, viberiti vitupu, mabua ya mtama, vipande vya khanga na udongo wa mfinyanzi. Hatua ni zilezile. Tofauti ni kwamba udongo hauvunjiki haraka na kujengwa upya, hivyo ongeza dakika 5 kwenye hatua ya tano.

*Vitofali vimechafuka.* Vioshe kwa mkono kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, kisha vitandaze kivulini juu ya kitambaa. Usivichemshe wala kuvianika kwenye bati wakati wa jua kali, kwani hupinda na havitabanana tena. Vikikauka, virudishe kwenye vifuko kwa kuhesabu, ukianza na vijitu, ambavyo ndivyo hupungua. Mshiriki akikuomba abaki na kile alichokisimulia, mpe; mimi huweka ishirini vya akiba kwa ajili hiyo.